Taa nyekundu, kuta za mawe na Mbps 94: maswali yenu kuhusu ruta ya nyumbani

Barua nyingi za safari hii zina maneno mawili: "intaneti imekufa". Ukizisoma kwa utulivu waona ni maradhi matatu yaliyopewa jina moja. Kuna laini inayoingia nyumbani, kuna kisanduku chenyewe na stima yake, halafu kuna hewa kati ya kisanduku na simu. Kabla hujaipigia kampuni au kununua kifaa kingine, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya na upime. Kwa waya ikienda sawasawa, laini haina kosa, tatizo ni hewa. Kwa waya pia ikikwama, antena hazihusiki, hata ukizigeuza mpaka kesho. Asiye na kompyuta akae mita moja kutoka kwa ruta, ashike mtandao wa 5 GHz, ule wa kasi lakini usiofika mbali, apime hapo. Si kipimo safi kama waya, lakini chatosha.

Assalam aleikum. Tuko Kibokoni, nyumba ya zamani ya ghorofa mbili. Ruta iko chini sebuleni. Chumba cha juu cha nyuma simu ilikuwa yashika kwa shida, nikanunua ripita nikaichomeka mumo humo chumbani. Sasa mistari imejaa lakini video yazunguka tu. Nimeuziwa kitu kibovu? – Mama wa Wawili, Kibokoni

Waaleikum salaam, mama. Ripita yaweza kuwa nzima kabisa, ila imewekwa pabaya. Ile mistari kwenye simu hupima simu na ripita, na ripita iko hapo hapo ubavuni mwako, lazima ijae. Haisemi lolote kuhusu ripita na ruta iliyo chini. Ripita haizalishi intaneti. Kazi yake ni kusikia na kurudia, na ikisikia vibaya itarudia vibaya kwa sauti kubwa.

Kuta za Mji wa Kale wa Mombasa, kama hapo Kibokoni, ni mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine unene wake wakaribia nusu mita, na zina tabia ya kushika unyevu. Mawimbi ya 5 GHz hufika ukutani yakaishia hapo. Ya 2.4 GHz hupenya kiasi, lakini yakikutana na kuta mbili mfululizo hata hayo huchoka. Kinachookoa nyumba hizi ni uwazi: milango ya mbao, madirisha na hasa ngazi. Mawimbi hupanda ngazini kama moshi wa udi.

Basi itoe ripita chumbani, uipeleke ngazini. Shika simu ukiwa umeunganishwa na ruta ya chini, upande polepole ukisoma nambari ya dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Programu za bure za kupima waifai kwenye Android huionyesha. Nambari ni ya hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Unatafuta mahali panaposoma kati ya -60 na -65. Ikishafika -75 umepitiliza, na ikiwa chumbani ni -80, hapo ripita haina cha kurudia. Na hata ikikaa pazuri, ripita ya masafa mamoja hukata kasi karibu nusu, kwa kuwa husikiliza na kusema kwenye chaneli moja na haiwezi mambo mawili kwa wakati mmoja.

Lakini tukiulizwa sisi, twasema pitisha waya. Kama kuna ruta ya zamani kabatini, huna haja ya kununua chochote isipokuwa kebo. Iunganishe hiyo ya zamani na kompyuta, peke yake, bila kuiunganisha na ile kuu. Fungua ukurasa wake; anwani iko kwenye kibandiko cha chini, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Kwenye mipangilio ya LAN, yaani mtandao wa ndani ya nyumba, ipe anwani isiyogongana na ya ruta kuu: kuu ikiwa 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2. Itajiwasha upya, nawe uingie tena kwa anwani hiyo mpya. Sasa zima DHCP, ile kazi ya kugawa anwani, ibaki kwa ruta kuu peke yake. Ukisahau hapa, simu moja itapewa anwani na huyu na nyingine na yule, na intaneti itakuja na kupotea bila mpango. Ni kosa linalowachosha watu wiki nzima. Jina la waifai na nywila viwe sawa na vya chini, ila chaneli itofautiane: kuu ikiwa kwenye 1, ya juu iwe 6 au 11.

Mwisho kabisa ndiyo kebo. Inatoka tundu la LAN la ruta kuu na kuingia tundu la LAN la ruta ya pili. Lile tundu la WAN, la kupokea intaneti kutoka nje, lenye rangi ya peke yake, liache tupu. Ukichomeka hapo, ruta ya pili itajitengenezea mtandao wake, na printa ya chini haitaonekana kutoka juu.

Kebo ikipita nje kwa roshani, nunua ile nyeusi ya nje. Ile ya kijivu ya ndani ganda lake hupasuka kwa jua letu. Ukuta wa mbele usiutoboe hivi hivi, maana Mji wa Kale ni eneo la hifadhi na kuna masharti. Ngazi na matundu yaliyopo yatakutosha.

Nalipia Mbps 200. Nikipima kwa kompyuta, kwa waya, napata 94. Asubuhi 94, usiku 94. Kampuni wasema laini yao iko sawa. Nani muongo? – Msomaji, Mtopanga

Hakuna muongo. Kasi inayopanda na kushuka, 140 mchana na 60 usiku, yaweza kuwa msongamano wa laini. Kasi inayoganda kwenye 94 au 93 saa zote ni kiungo cha Mbps 100: ukiondoa mzigo wa vichwa vya pakiti, yaani maelezo ya njia yanayosafiri na kila kipande cha data, kinachobaki kwa matumizi ni kama 94. Mahali fulani kati ya ruta na kompyuta yako pana kitu kinachokataa kupita 100.

Kwanza angalia ruta yenyewe. Ruta nyingi za bei ya chini zina matundu ya Mbps 100 tu, hata kama kwenye boksi wameandika 1200. Hiyo 1200 ni jumla ya masafa mawili ya waifai kwenye karatasi. Kama matundu ni ya gigabiti, yaani Mbps 1000, shutumu kebo. Kiungo cha Mbps 100 hutumia nyaya nne kati ya nane, namba 1, 2, 3 na 6. Cha gigabiti chataka zote nane. Uzi mmoja ukikatika kichwani, kwa mfano namba 7, vifaa havilalamiki, hushuka kimya kimya hadi 100 na kuendelea. Kwenye Windows fungua hali ya muunganisho wa waya usome kasi ya kiungo: ikisema 100/100 badilisha kebo kwa nyingine fupi unayoiamini, upime tena. Ikiruka hadi 1000, umempata mkosaji.

Ukibana kichwa kipya, mpangilio ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Shika kichwa cha RJ45 ulimi wake ukiangalia chini na waya ukiingia kutoka upande wako. Namba 1 iko kushoto. Mafundi wa haraka huweka kijani na nyeupe-kijani pamoja kwenye 3 na 4 kwa kuwa inapendeza macho. Sivyo, buluu ndiyo hukaa katikati. Usifungue msokoto zaidi ya sentimita moja na kidogo, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa, libanwe pamoja na nyaya. Likibaki nje, kila kebo inapovutwa ni nyuzi zinazovutika.

Na chukua wembe ukwangue uzi mmoja. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Ni nyepesi, ni rahisi, na hukatika kichwani ukiikunja mara chache. Kebo ya kuingia ukutani inunue ya shaba tupu.

Kuna wanaotuandikia kuwa wanalipia 200 na kompyuta inashusha faili kwa 25 tu. Hao hawana tatizo. Mbps ni megabiti kwa sekunde, faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya kwa 8.

Tangu juzi kisanduku cha fiba chapepesa taa nyekundu iliyoandikwa LOS. Nimekizima na kukiwasha, nimebonyeza kile kitundu cha nyuma kwa sindano, wapi. Ilianza tulipohamisha kabati. – Mwalimu, Bamburi

Mwalimu, jawabu umeliandika mwenyewe mwishoni mwa barua.

LOS maana yake mwanga haufiki. Fiba ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga, na kabati likiukalia, au ukikunjwa kona kali, mwanga huvuja pale pale kwenye kona. Kuwasha na kuzima hakuwezi kuunyoosha uzi. Ile sindano ndiyo iliyotutia wasiwasi: kuriseti kwa namna hiyo hufuta mipangilio yote, ikiwemo jina na nywila za PPPoE, zile za kukutambulisha kwa kampuni, kwa kampuni zinazozitumia. Sasa hata uzi ukipona, huenda ukahitaji kupiga simu uwekewe upya. LOS ikiwaka, kitundu hicho usikiguse.

Sogeza kabati. Fuata uzi kwa mkono kutoka unapoingia nyumbani hadi kwenye kisanduku, ukitafuta palipobanwa au palipokunjwa. Mzunguko wowote uwe mpana kama mdomo wa kikombe cha chai, usiwe mdogo zaidi. Kisha zima kisanduku, chomoa kichwa cha fiba, kile cha plastiki ya kijani, ukirudishe kwa kukisukuma hadi kilie "tak". Ncha yake usiiguse kwa kidole, mafuta ya ngozi huziba mwanga, na usiichungulie: mwanga wa ndani hauonekani kwa jicho lakini unaweza kulidhuru. Kichwa cha kijani kimechongwa kwa pembeni. Kamwe usikichomeke kwenye tundu la buluu.

Ukiweza kufungua ukurasa wa kisanduku, tafuta sehemu ya mwanga, yaani "optical", usome nguvu inayopokewa. Kwa visanduku vingi vya majumbani kati ya -8 na -27 dBm ni kazini, na wengi wenye afya wako kwenye -18 hadi -24. Kila tatu unazoshuka ni nusu ya mwanga iliyopotea. Aliyekuwa -22 akawa -28 amebakiwa na robo tu. Mtu wa hivyo ndiye ambaye intaneti yake hukatika kila mvua ikinyesha kisha ikarudi yenyewe, na kila fundi akija anaikuta inafanya kazi. Piga picha ya nambari hiyo siku fundi anapokufungia, uiweke. Ni ushahidi.

Zisomeni taa kwa utaratibu huu. LOS nyekundu: mwanga haufiki. LOS imezimika lakini PON, taa ya kuungana na kituo, yapepesa: mwanga umefika, kisanduku hakijatambuliwa huko kituoni. PON imetulia lakini taa ya intaneti imezimika au ni nyekundu: hapo ni akaunti, PPPoE, au mwezi umeisha na hamjalipa. Ukipiga simu sema moja kati ya hayo matatu, na saa lilipoanza. Utaruka yale maswali ya "umejaribu kuzima na kuwasha".

Stima yapotea sana kwetu. Nimeona mini UPS, ile betri ndogo ya akiba, ya 8,800 mAh, muuzaji asema yashikilia ruta siku nzima. Pia adapta yangu iliungua, natumia ya kisimbuzi, plagi yaingia sawa, ila ruta yajizima jioni watoto wakirudi. – Kijana wa Mshomoroni

Tuanze na adapta, ndiyo yenye hatari. Plagi kuingia si dalili ya chochote. Ile ya milimita 5.5 imetapakaa kwenye vifaa vya volti 5, 9 na 12. Volti lazima ziwe zile zile zilizoandikwa chini ya ruta. Ampea zaweza kuzidi, haziwezi kupungua. Ruta ya 12V 1A ukiipa adapta ya 12V 0.5A itawaka, taa zote zitapendeza, na watoto wakirudi na simu nne itaomba nguvu isiyokuwepo, volti zitaanguka, itajizima na kuanza upya. Soma kibandiko leo. Angalia pia mchoro wa kujumlisha na kutoa: ruta nyingi hutaka kujumlisha kuwe katikati.

Mini UPS sasa. Hizo 8,800 mAh zimehesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, wala si kwa 12 zinazotoka. Zidisha 8.8 kwa 3.7 upate kama saa-wati 32. Toa zinazopotea katika kupandisha volti, zibaki 27 hivi. Ruta ya kawaida hula wati 6 hadi 8, kwa hiyo ni karibu saa nne betri ikiwa mpya. Muuzaji amezidisha kwa 12, ndiyo akafika huko kwa "siku nzima". Na kama kisanduku cha fiba na ruta ni vitu viwili, vyote vyataka stima, kwa hiyo gawanya kwa mbili.

Kuna jambo la kuuliza kabla ya kulipa. Fiba inayokuja moja kwa moja hadi mlangoni kwa kawaida haina kifaa cha stima njiani, kuna kigawanyaji tu cha kugawa mwanga, kwa hiyo kituo kikiwa na jenereta, nawe una UPS, intaneti itaendelea mtaa mzima ukiwa gizani. Lakini kwenye majengo ya kupangisha kampuni nyingine huleta fiba hadi swichi, kisanduku cha stima cha kugawa mtandao, iliyo kwenye ngazi, kisha waya wa kawaida kwenda kila nyumba. Swichi hiyo ikizimika, UPS yako italinda taa za ruta tu. Kichungulie kile kisanduku cha ngazini kwanza.

Niko Likoni, dirisha langu latazama kivuko. Mtandao wa 5 GHz hupotea kabisa kwenye orodha kwa dakika moja hivi, kisha hurudi. 2.4 haipotei. Jirani asema ni rada za meli. – Msomaji, Likoni

Jirani amekosea meli, lakini kwenye rada hakuwa mbali. Rada za meli hufanya kazi kwenye kama 3 GHz na 9.4 GHz, hazikutani na waifai yako. Ila chaneli za 52 hadi 144 ndani ya 5 GHz hutumiwa kwa masharti, kwa kuwa rada za hali ya hewa na nyinginezo ziko humo. Ruta ikidhani imesikia rada, hata kama ni kelele tu, hulazimika kuhama chaneli, na kabla ya kutangaza jina kwenye chaneli nyingine ya namna hiyo husikiliza sekunde 60. Hiyo ndiyo dakika yako. Ondoa "auto", weka chaneli 36, 40, 44 au 48, na upana MHz 80. Ukiacha upana wa 160, hata ukichagua 36 ruta itatanda hadi 64 na utarudi pale pale.

Orodha ya ruta yaonyesha vifaa 19, nasi tuko watano. Nimebadilisha jina la waifai, nimeblok wageni mmoja mmoja, bado wanarudi. – Baba Nyumba, Tudor

Huenda nusu ya hao wageni ni ninyi. Simu za siku hizi hujipa anwani ya MAC, yaani kitambulisho cha kifaa, ya kubuni, na kila ukisahau mtandao na kujiunga tena, simu nyingine huja na mpya. Ile ya zamani hubaki kwenye orodha kama mzimu. Kwa sababu hiyo hiyo kublok kwa MAC ni kufukuza kivuli.

Badilisha nywila, jina liache. Wote watadondoka. Warudishe mmoja mmoja huku ukihesabu, televisheni isisahauliwe. Baada ya hapo zima WPS, ile njia ya kujiunga kwa kitufe au pini bila nywila, maana pini yake ya tarakimu 8 hukaguliwa vipande viwili na mvamizi anahitaji majaribio yasiyozidi 11,000. Usalama uwe WPA2 yenye AES, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Ukiweka WPA3 pekee, televisheni na printa za zamani zitakataa kuingia. Nywila ya kufungulia ukurasa wa ruta ni nyingine kabisa na ile ya waifai, nayo kama bado ni "admin", ibadilishe leo.

Halafu kuna mlango ambao ruta haiwezi kuufunga: simu yoyote iliyounganishwa yaweza kumwonyesha rafiki nywila kwa kile kimraba cha kuskani. Mwanao hakuvunja chochote, alimsaidia mwenziwe tu. Fungua mtandao wa wageni wenye nywila yake, na hiyo ndiyo iwe ya kugawa.

Ruta yangu iko dirishani, Nyali, upande wa bahari. Matundu ya waya yameota ukijani ndani. – Msomaji, Nyali

Chumvi hiyo. Chomoa stima, safisha vijino vya tundu kwa mswaki mkavu wenye tone la spiriti ya isopropili, subiri ikauke kabisa, na ubadilishe kichwa cha kebo, kwa sababu nacho kimekwisha. Tundu lililolika hadi rangi ya dhahabu kutoweka halitengenezeki, tumia lingine. Na ruta iondoke dirishani. Ikiwa ni ya laini ya simu na inahitaji dirisha ili kushika mnara, chagua dirisha lililogeukia bara.